Makro Isiyolalamika

Maneno yaliyotolewa kwenye semina ya watunza hesabu wa vikundi vya kuweka na kukopa



Wengi wetu tumeanza kuandika makro za Excel ili kujumlisha marejesho ya mikopo. Wengi pia tumekata tamaa kompyuta inapotoa onyo kwa Kiingereza. Tusiogope. Makosa ya wanaoanza ni machache, na hurudiarudia.

La kwanza ni kufungua bila kufunga. Kila If ya mistari mingi hufungwa kwa End If, na kila For hufungwa kwa Next. Mkisahau End If ndani ya For, kompyuta inaweza kusema "Next without For", ingawa For ipo. Kwa hiyo msiishie kwenye mstari uliotajwa. Kagueni na ile iliyo juu yake.

La pili ni alama za kunukuu. Tukinakili makro kutoka hati ya Word, mara nyingi alama hizo huja zimepinda, na mstari hugeuka mwekundu. Tuzifute na kuziandika upya palepale.

La tatu lilituaibisha sisi wenyewe. Tulikusudia kuandika jumla = jumla + kiasi, tukaandika jumla = jumal + kiasi. Kompyuta haikulalamika. Ililichukua "jumal" kuwa jina jipya lisilo na kitu, hivyo kila rejesho likafuta lililotangulia. Mama mmoja alikopa shilingi 100,000, akarejesha 10,000 mara nane. Ripoti yetu ilionyesha amelipa 10,000 tu. Akaitwa mbele ya kikundi kama mdaiwa sugu. Alifungua mkoba, akatoa stakabadhi zote nane. Tulimwomba radhi mbele ya watu wale wale.

Tangu siku hiyo, juu kabisa ya ukurasa wa makro tunaandika Option Explicit. Maneno hayo huifanya kompyuta ikatae jina lolote ambalo hatukulitangaza kwanza kwa Dim. Kabla ya kuendesha makro tunafungua menyu ya Debug na kuchagua Compile. Mwisho, tunajumlisha daftari la mwanachama mmoja kwa mkono na kulinganisha.

Ndugu zetu, kosa linalotangazwa na kompyuta hutupotezea dakika chache. Lililonyamaza lilimvunjia mama wa watu heshima. Tulitafute kabla halijamfikia mwingine.