Kununua Vifaa vya Betri kwa Kazi za Nyumbani

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa kawaida halimo katika kazi yangu. Kazi ya mkaguzi ni daftari, hati za malipo na stoo. Lakini katika ukaguzi wa msimu uliopita nilikuta mara nne, katika vyama mbalimbali vya akiba na mikopo, fomu za mkopo zilizojazwa "kununua keekee ya betri" au "seti ya vifaa vya betri". Katika mbili kati ya hizo nne, marejesho yalikuwa yamesimama na kifaa kilikuwa kimekwisha kufa. Mkopo ukisimama, aliyesimamishwa si mkopaji peke yake. Ni mwenzake aliye nyuma yake katika foleni, anayengoja fedha hizo hizo kwa ajili ya ada ya mtoto. Ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa.

Wanachama wanaotaka vifaa hivi sikuwaona kuwa watu wa anasa. Mlango uliovimba kwa mvua za masika unataka kurandwa na kutundikwa upya. Madirisha yanataka wavu wa mbu, jiko linataka rafu, banda la kuku linataka fremu. Fundi akiitwa kwa kila tundu la skrubu, mfuko hautoshi. Nyumba inayojengwa nayo aghalabu haijafikiwa na umeme, na ile iliyofikiwa hukatikiwa katikati ya kazi. Kifaa cha betri hakijali hayo. Wala si jambo geni: kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilitoa keekee yake ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961. Kilicho kipya ni betri ya lithiamu, iliyoufanya uzito upungue na nguvu iongezeke, na ambayo pia imefungua mlango wa udanganyifu ambao zamani haukuwapo.

Nitawaeleza habari ya mwanachama mmoja bila kumtaja jina. Alikopa, akasafiri, akanunua sanduku lenye keekee, betri mbili, chaja na biti nyingi za kung'aa. Juu ya betri paliandikwa volti 48 na ampea-saa 15. Muuzaji alimwambia kwamba volti 48 ni zaidi ya mara mbili ya zile 18 zilizokuwa kwenye rafu ya pili kwa bei kubwa zaidi. Hesabu hiyo kwa masikio ni hesabu nzuri. Kwa miezi mitatu alifurahi, mwezi wa tano betri moja ikakataa chaji, na wa saba ya pili ikafuata. Nilipokwenda kumwona juu ya deni lake alilitoa sanduku chini ya kitanda, akasema, "Mzee, mimi sikukataa kulipa. Kifaa ndicho kilichonikatalia."

Tuliichukua betri ile tukaiweka juu ya mizani ya chama, ile ya kupimia sampuli za kahawa. Ikasoma gramu 340. Ndugu Wajumbe, hapo nilijua yote, na ningependa kila mmoja wenu naye ajue, maana hesabu yake ni rahisi kuliko ya mgawanyo wa malipo ya pili.

Betri hizi ndani yake ni seli ndogo za mviringo, zilizo nyingi zikiwa na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli moja hutoa wastani wa volti 3.6. Seli tano zikiunganishwa kwa kufuatana hutoa volti 18, na zikiwa zimejaa kabisa hufika karibu 20 au 21. Kwa hiyo kifaa kilichoandikwa volti 18 na kile kilichoandikwa "20 max" ni nguvu ile ile. Mmoja amepima betri ikiwa kazini, mwingine imetoka tu kwenye chaja. Hali kadhalika kile cha volti 12 mara nyingi ni seli tatu, yaani 10.8. Hayo si wizi, ni biashara. Lakini zipo betri zilizochapwa 48VF, 88VF, hata zaidi, na ndani yake zimo seli tano zile zile. Herufi hizo si kipimo cha umeme. Zimewekwa ili jicho lisome volti na mdomo wa muuzaji usiwe umetamka uongo.

Ampea-saa ndizo zinazosema betri itadumu kazini muda gani. Seli moja ya ukubwa niliotaja hubeba kati ya ampea-saa 1.5 na 3.5. Betri ya safu moja ya seli tano haiwezi kupita hapo. Ikiwa imeandikwa 4 au 5, basi pawe na safu mbili, yaani seli kumi, au seli zenyewe ziwe za aina nene zaidi. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, nacho ndicho kipimo cha haki cha kulinganisha betri mbili. Volti 18 kwa ampea-saa 2 ni wati-saa 36. Volti 18 kwa ampea-saa 4 ni 72. Sasa betri ya ndugu yetu, kwa maandishi yake, ni 48 mara 15, yaani wati-saa 720. Ili kubeba kiasi hicho zingehitajika seli zaidi ya hamsini, na kwa kuwa kila seli ina uzito wa gramu 45 hadi 50, betri hiyo ingepita kilo mbili na nusu. Yeye alikuwa na gramu 340 pamoja na ganda. Sisi ambao hatukubali gunia liingie stoo bila mizani, tulikubali hili kwa maandishi yake.

(Msiifungue betri kwa bisibisi ili kuhesabu seli. Lithiamu ikiguswa chuma kwa chuma huweza kuwaka moto. Mizani inatosha.)

Kosa la pili ni kuchagua kifaa kabla ya kuchagua betri. Betri ya kampuni moja haiingii katika kifaa cha kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja zipo koo mbili: vifaa vya Bosch vya rangi ya buluu na vile vya kijani, vyote vya volti 18, havishirikiani betri. Anayenunua keekee ya leo amekwisha kuchagua, bila kujua, msumeno na grainda atakavyonunua kesho. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "keekee hii bei gani?" bali "betri ya akiba ya aina hii bei gani, na mwaka kesho nitaipata wapi?" Muuzaji akisema betri peke yake haiuzwi, rudini nyumbani. Yapo makampuni yaliyokwisha kuiona shida hiyo: mwaka 2018 Metabo ya Ujerumani ilianzisha mpango ambao makampuni kadhaa hutumia betri ya namna moja. Nami kwa kazi yangu nilifurahi kusikia kwamba hata wenye viwanda wameufikia ushirika, ingawa wamechelewa.

Jihadharini pia na bei iliyo chini kupita kiasi kwa jina kubwa. Pengine ni bandia. Pengine ni kifaa halali kinachouzwa mwili mtupu, bila betri wala chaja, na mnunuzi hugundua akifika nyumbani. Someni sanduku lote. Daini risiti ya mashine, yenye jina la kifaa na namba yake. Bila hiyo hakuna dhamana mtakayodai, na mimi nikija kukagua sitaikubali hati ya mkopo yenye karatasi ya kuandikwa kwa mkono.

Kwa vifaa vya mtumba kutoka Ulaya nina neno moja. Vingi vya zamani vina betri za nikeli na kadimiamu, ambazo Umoja wa Ulaya ulikomesha kuuzwa kwake katika vifaa vya mkono mwishoni mwa mwaka 2016, kwa kuwa kadimiamu ni sumu. Kifaa chaweza kuwa kizima kabisa na betri yake isipatikane tena. Na kwa vile vinavyoletwa na ndugu walioko Marekani, soma kibandiko cha chaja. Kikisema 100-240, salama. Kikisema 120 tu, usiichomeke katika umeme wetu wa volti 230, itaungua siku hiyo hiyo.

Mtu wa kazi za nyumbani anahitaji nini hasa? Kwa maoni yangu, keekee moja ya volti 18 yenye pete ya kupunguza nguvu, isije ikaivunja skrubu au kuipasua mbao, na betri mbili za kweli. Kama kuta zako ni za tofali za saruji, chagua yenye kupigapiga. Zege la nguzo ni habari nyingine. Usiue keekee kwa kazi isiyo yake, azima mashine kubwa. Mota isiyo na brashi za kaboni hutumia betri vizuri zaidi na hudumu, lakini bei yake hupanda, na kwa mtu anayetoboa mara mbili kwa mwezi sioni haja. Grainda ya betri sikushauri kama kifaa cha kwanza: hunywa betri kama trekta, na kazi yake aghalabu iko mahali penye waya.

Nyumbani, usiache betri juani wala ndani ya gari lililofungwa, usiitumie mpaka ife kabisa, na ukiiweka kwa muda mrefu iache na chaji ya nusu. Iliyovimba isichajiwe tena.

Sasa juu ya pendekezo lililo mbele yenu, kwamba kila chama kitumie sehemu ya akiba yake kununua seti za kuazimisha wanachama. Nasema wazi kwamba silipendi kama lilivyoandikwa. Halisemi nani atachaji, nani atalipa betri ikifa, wala ni aina gani itanunuliwa. Nimekwisha kuona chama kilichonunua vifaa vitatu vya aina tatu na chaja tatu. Nilipokagua, chaja moja ilikuwa imepotea na kifaa chake kikalala rafuni kikiwa kizima. Lingine naliona bora: wanachama watano au sita walio jirani wakubaliane aina moja ya betri, kila mmoja anunue kifaa chake kwa mkopo wake, na betri ziazimane. Afisa mikopo aambatanishe kwenye fomu uzito wa betri na wati-saa zake kabla ya fedha kutoka.

Yule ndugu wa gramu 340 amebakiza marejesho manne. Mlango wake aliutundika kwa keekee ya mkono ya marehemu baba yake.

Mizani nimekuja nayo, iko juu ya meza ya katibu. Mwenye betri mfukoni au garini ailete wakati wa chai, tuipime.