Somo la Ufundi wa Magari: Springi za Gavana katika Pampu ya Dizeli

Ninyi mlio katika vikundi, mwenzenu mmoja anayesoma vizuri na ashike karatasi hii, awasomee wengine polepole baada ya somo kwisha. Wekeni penseli na daftari karibu, kwa maana leo tutapiga hesabu moja ndogo.

Katika somo lililopita tuliona jinsi pampu ya dizeli inavyosukuma mafuta mpaka kwenye nozeli. Leo tutatazama kitu kidogo kilicho nyuma ya pampu hiyo, nacho ni gavana. Na ndani ya gavana tutatazama springi zake. Springi hizi hutosha kiganja cha mkono, lakini ndizo zinazoamua injini ikimbie mpaka wapi.

GAVANA NI NINI?

Neno gavana maana yake ni mtawala. Gavana wa injini hutawala mwendo wa injini. Kwa nini injini ya dizeli yataka mtawala? Sikilizeni sababu yake.

Katika injini ya dizeli hewa huingia tele wakati wote. Kinachopimwa ni mafuta. Mafuta yakiwa mengi kuliko kazi iliyopo, injini huongeza mwendo. Mwendo ukiongezeka, pampu nayo husukuma mafuta mara nyingi zaidi kwa dakika. Basi injini huzidi kukimbia, na hakuna kitu cha kuisimamisha mpaka ivunjike. Kwa hiyo hapana budi kiwepo kitu cha kupunguza mafuta kabla mambo hayajafika huko.

Wazo la gavana ni la zamani kuliko dizeli yenyewe. Mwaka 1788, James Watt wa Uingereza aliifungia injini ya mvuke vyuma viwili vizito vilivyozunguka ili kutawala mwendo wake. Injini ya Rudolf Diesel, Mjerumani, ilifanya kazi vizuri mwaka 1897. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927. Vyuma vizito na springi vimetumika katika pampu nyingi tangu hapo. Magari mengi ya siku hizi hupimiwa mafuta kwa umeme, lakini malori ya zamani yenye pampu za namna hii bado yapo barabarani.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Chukua jiwe dogo, lifunge kamba, ulizungushe. Utaona kamba inavuta mkono wako. Ukizungusha kwa haraka zaidi, jiwe huvuta kwa nguvu zaidi. Ndivyo ilivyo ndani ya gavana. Mahali pa jiwe pana vyuma viwili vizito, vinavyoelekeana na kuzunguka pamoja na pampu. Mahali pa mkono wako pana springi.

Injini ikienda polepole, springi hushinda, na vyuma hukaa ndani. Injini ikikimbia, vyuma hushinda na kufunguka kwenda nje. Vikifunguka huvuta fimbo ndefu iliyo ndani ya pampu. Fimbo hiyo tutaiita fimbo ya mafuta. Ikivutwa nyuma, mafuta hupungua; ikisukumwa mbele, mafuta huongezeka.

Gavana ni za namna mbalimbali. Nyingine zina springi moja ndefu iliyo kando ya vyuma. Nyingine zina springi juu ya kila chuma, zilizopangwa moja ndani ya nyingine kama sufuria dukani. Springi laini hutawala injini inaponguruma polepole gari likiwa limesimama. Springi ngumu hutawala mwendo mkubwa. Leo twasema habari za hizi za pili.

MFANO KUTOKA MAREKANI

Huko Marekani, tangu mwaka 1994 mpaka 1998, gari la mizigo la Dodge Ram liliuzwa likiwa na injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9, yenye pampu ya Bosch iitwayo P7100. Gavana ya pampu hiyo huanza kupunguza mafuta injini inapofika karibu mizunguko 2,500 kwa dakika. Wenye magari hayo hupenda kukokota matela mazito. Walisema hivi: dereva akibadili gia, injini hushuka mno na kukosa nguvu. Wakataka kila gia ivute kwa muda mrefu zaidi. Basi mafundi wakatengeneza springi ngumu zaidi, zinazoruhusu mafuta mpaka karibu mizunguko 3,000, na nyingine mpaka 4,000.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani springi ngumu huongeza nguvu za injini. Sivyo. Springi haiongezi hata tone la nguvu injini ikiwa chini ya mpaka wake. Springi husogeza mpaka, basi. Na mpaka ule haukuwekwa bure.

Tupige hesabu yetu. Nguvu inayovuta vyuma vinavyozunguka, na pistoni zinazopanda na kushuka, huongezeka kwa mwendo mara mwendo. Chukua 25 badala ya 2,500, na 30 badala ya 3,000. 25 mara 25 ni 625. 30 mara 30 ni 900. Gawanya 900 kwa 625, utapata 1.44. Maana yake, pale palipokuwa na mzigo wa kilo 100 sasa pana kilo 144. Mwendo umeongezeka kwa sehemu moja tu katika tano, lakini mvuto umeongezeka karibu nusu.

Tena kuna valvu. Kila valvu hurudishwa na springi yake. Injini ikizidi mwendo, springi ya valvu huchelewa kurudisha, na pistoni yaweza kuigonga valvu. Ndiyo sababu mafundi wa Marekani hubadili pia springi za valvu wanapotaka kupanda juu. Anayebadili springi za gavana peke yake ameondoa kizuizi, wala hakuimarisha kilichokuwa kikizuiliwa.

KUFUNGA SPRINGI

Haya sasa, kazi yenyewe. Tufuate hatua.

Kwanza, usafi. Osha pampu kwa nje, uikaushe. Mchanga ukiingia ndani hula chuma. Ondoa waya wa betri, mtu asije akawasha injini nawe umeingiza vidole.

Pili, fungua kizibo kilicho juu ya nyumba ya gavana. Zungusha injini kwa mkono, kwa chombo chake, mpaka nati ya chuma cha kwanza itokee katika tundu. Usitumie stata.

Tatu, kabla ya kufungua nati, tazama imekaa wapi. Pima kiasi cha uzi kilichotokeza juu yake, ukiandike. Nati hii ina vituo vidogo; kila kituo hulia tik. Hesabu milio unapofungua. Asiyeandika hatajua njia ya kurudi.

Nne, toa springi na washa zake moja moja. Zipange juu ya kitambaa safi kwa taratibu ile ile zilivyotoka. Washa ikidondoka ndani ya gavana, itoe kwa sumaku. Ikikataa kutoka, hapana budi pampu ifunguliwe. Usithubutu kuwasha injini ukisema, "Itakaa tu huko chini." Ikiibana fimbo ya mafuta, mtapata hatari nitakayoieleza baadaye.

Tano, tia springi mpya, urudishe nati na kuhesabu milio.

Sita, zungusha injini duru moja kamili. Pampu huzunguka nusu duru injini inapozunguka duru moja, basi chuma cha pili kitakuja mahali pa kile cha kwanza. Fanya vile vile.

Shika neno hili: pande mbili ziwe sawa. Springi za seti moja, washa sawa, milio sawa. Upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwingine, chuma kimoja kitafunguka kabla ya mwenzake, na injini itakosa utulivu.

KUREKEBISHA

Washa injini, uiache ipate moto. Isikilize. Ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, kama mtu anayehema, kwanza tazama kama pande mbili ni sawa. Ikinguruma kwa haraka mno gari likiwa limesimama, rekebisha skrubu ya mwendo mdogo. Ukikaza springi, kaza mlio mmoja kila upande, kisha jaribu tena.

Ukipandisha mwendo, tumia saa ya kupimia mizunguko. Sikio halitoshi. Mafundi wenye meza ya kupimia pampu hufanya kazi hii vizuri zaidi, kwa maana huona mafuta ya kila nozeli katika vikombe. Kama kuna meza hiyo mjini kwenu, peleka pampu huko.

HATARI YA KUKIMBIA OVYO

Springi ikivunjika, kwa kawaida vyuma hufunguka mapema na mafuta hupungua. Gari hukosa nguvu, lakini huna hatari kubwa. Hatari kubwa ni fimbo ya mafuta kukwama mbele. Hapo injini hukimbia ovyo. Kuzima kwa ufunguo huenda kusisaidie, kwa sababu fimbo imebanwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha injini mara ya kwanza baada ya kazi, sukuma wenzo wa kuzimia kwa mkono. Uende na kurudi bila kukwama. Kisha wawe watu wawili. Mmoja awashe, mwingine asimame karibu na wenzo wa kuzimia, akiwa na ubao mgumu wa kufunika mdomo wa hewa. Injini isipopata hewa itazima. Usifunike kwa mkono wala kwa kitambaa, kwa maana mvuto wa hewa ni mkali sana.

Jambo moja kwa madereva. Gavana hupunguza mafuta tu, haishiki magurudumu. Katika mteremko mrefu, lori lenye mzigo laweza kuisukuma injini kupita mpaka wake hata kama mafuta yamekatwa kabisa. Huko springi haina msaada. Teremka katika gia ndogo, na utumie breki kabla injini haijapanda mno.

Basi, ndugu fundi, tajiri wa lori akija akikuambia, "Kaza kidogo, nataka mbio," usijibu upesi. Muulize gari lakosa nini. Huenda chujio la mafuta limeziba, au nozeli zimechoka, au chujio la hewa limejaa vumbi. Hayo ndiyo yanayopunguza nguvu mara nyingi. Ukiyatengeneza, nguvu itarudi, na mpaka wa injini utabaki pale pale.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini injini ya dizeli haiwezi kukaa bila gavana?
2. Springi ngumu husogeza nini? Je, huongeza nguvu za injini ikiwa chini ya mpaka?
3. Injini ikitoka mizunguko 2,000 kwenda 3,000 kwa dakika, mvuto utakuwa mara ngapi? Tumia 20 na 30.
4. Kwa nini twazungusha injini duru moja kamili ili kufikia chuma cha pili?
5. Injini ikikimbia ovyo utaizimaje?

MANENO YA KUKUMBUKA

Gavana: kifaa cha kutawala mwendo wa injini.
Fimbo ya mafuta: fimbo ndani ya pampu inayoongeza au kupunguza mafuta.
Mpaka: mwendo ambao gavana huanza kupunguza mafuta.
Wenzo wa kuzimia: mkono wa chuma kwenye pampu unaokata mafuta.

Katika somo lijalo tutafungua nozeli na kuisafisha. Kila kikundi kitafute nozeli moja kuukuu. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.