Mpunga wa Watu Ghalani Mwetu

Hotuba ya wenye mashine ya kukoboa mpunga kutoka Usevya, iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu



Mlitutaka tuseme neno juu ya uongozi katika biashara, na hasa juu ya yale yanayoupata moyo wa mtu anayeianzisha. Tumeonelea tusizungumzie mbinu. Mbinu zimeandikwa sana, na walimu wa semina wapo tele, wanaomwambia kijana athubutu tu, kisha wanapanda basi kabla hajathubutu. Sisi tutasema juu ya woga, kwa kuwa ndio tulioishi nao kwa muda mrefu zaidi kuliko faida.

Kwetu Usevya mpunga ndio uchumi. Mavuno yakianza, karibu kila kaya huuza kwa wakati mmoja, na bei huanguka. Anayeweza kungoja hadi mvua za mwisho wa mwaka, wakati chakula kimepungua majumbani, hupata bei iliyo bora. Lakini kungoja kunahitaji mahali pakavu, pasipo panya wala mwizi. Kwa hiyo mkulima huleta magunia yake kwenye mashine ya kukobolea, huandika jina lake juu ya kila gunia, hupewa karatasi, huenda zake. Hivyo ndivyo mwenye mashine anavyogeuka mtunza amana bila kusomea kazi hiyo. Tulipoanza, sisi watu watano, tulidhani tumenunua injini na kinu. Kumbe tulikuwa tumepokea ada za shule, mahari, na matibabu ya watu ambao baadhi yao hatukuwajua hata kwa sura.

Fedha ya mtu ikipotea, humuuma mwenyewe. Mpunga wa mjane ukipotea ghalani mwako, unauma kwa namna nyingine kabisa. Ndiyo maana usingizi wa mfanyabiashara huwa mwepesi. Mvua ikipiga bati usiku, wengine hufurahi kwa ajili ya mashamba; sisi huamka kutazama kama paa linavuja.

Msimu mmoja mambo yalifungamana. Injini ilikatika shafti katikati ya kazi, na kipuri kikachelewa. Bei ya mchele, ambayo kwa kawaida hupanda kuelekea mwisho wa mwaka, haikupanda. Aliyetukopesha akataka marejesho yake, na riba ile ilikuwa ya aina ambayo wananchi wameibatiza jina la kausha damu. Ghalani mwetu mlikuwa na magunia 214 ya mpunga, na yaliyo yetu hayakuzidi 30. Ndipo akaja mnunuzi mwenye lori, fedha taslimu mkononi, akasema atachukua vyote.

Wapo mliomo katika biashara, mnajua ni ushauri gani ulitolewa kati yetu. Tuuze vyote, tulipe deni, kisha tununue mpunga mwingine na kuurudisha kabla wenyewe hawajaja. Jambo hilo hufanyika. Na mara nyingine hufanikiwa, wala hakuna anayejua. Tulibishana usiku mbili. Hatukuwa watu wabaya wala malaika. Tulikuwa watu waliochoka. Mkubwa wetu kwa umri alisema machache mno. Aliuliza tu iwapo bei ikipanda ghafla wiki ijayo, tutaununua mpunga wa watu kwa fedha gani. Asubuhi lori liliondoka na magunia yetu wenyewe, basi.

Mtadhani hapo ndipo ugumu ulipoishia. Hapana. Kukataa ilikuwa rahisi kuliko lililofuata, nalo ni kuwaita wenye mpunga na kuwaambia hali ilivyo: kwamba mashine imesimama, tunadaiwa, mpunga wao upo wote, na anayetaka kuuhamisha auhamishe. Tulisoma daftari kwa sauti, jina kwa jina. Waliokuwapo walikuwa Wapimbwe, Wafipa, Wasukuma, na kila mmoja aliondoka kuhesabu magunia yake kwa mkono. Wengi waliyahamisha siku ile ile. Baadhi yao hawajarudi hadi leo, na hatuwalaumu, ingawa tukikutana nao gulioni bado kunakuwa na kimya kidogo. Wachache waliacha mpunga wao pale pale. Mama mmoja alisema kwamba anayemwonyesha shimo kabla hajatumbukia hawezi kuwa ndiye aliyelichimba.

Tunawaeleza haya katika nyumba hii kwa sababu ninyi mna desturi ambayo kwetu imekuwa na maana kubwa. Wakati wa Diwali wafanyabiashara wa Kigujarati huleta vitabu vipya vya hesabu viombewe, na katika ukurasa wa mwanzo huandikwa maneno mawili: Shubh na Labh, yaani heri na faida. Jirani yetu mmoja ndiye aliyetufafanulia. Tulipenda kwamba maneno yale huenda pamoja, tena heri hutajwa kwanza. Tulipenda zaidi kwamba kitabu cha hesabu, kitu ambacho wengi wetu hukificha chini ya godoro, kinaletwa mahali pa watu.

Wengi wenu mnalijua jina la Muljibhai Madhvani, aliyefika Uganda akiwa kijana mdogo mwaka 1908, akaanzia dukani kwa ndugu zake, na mwaka 1930 kiwanda chake cha sukari pale Kakira, karibu na Jinja, kikaanza kazi. Alifariki mwaka 1958. Mwanawe Jayant alishika uongozi hadi alipofariki ghafla mwaka 1971, na mzigo ukamwangukia mdogo wake Manubhai. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini; Manubhai akafungwa katika gereza la kijeshi la Makindye, kisha akaenda uhamishoni. Alirudi mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 55, akakuta mashamba yamegeuka vichaka, naye akaanza upya. Mwaka 2008 alitoa kitabu cha habari za ukoo wake, Tide of Fortune.

Habari hii husimuliwa kama hadithi ya utajiri. Sisi huvutwa na ile miaka 13 iliyo katikati. Mtu aliyempoteza kaka, akapoteza uhuru, akapoteza kazi ya baba yake, alikuwa akiwaza nini anapoamka? Kiwanda cha sukari si mitambo tu. Kuna wakata miwa, shule, hospitali, wakulima wa pembezoni wanaongoja kulipwa. Tunaamini kilichomrudisha si hesabu ya faida peke yake, maana mtu wa umri ule angeweza kustarehe London.

Hapa kwetu nako wapo wazee wanaoukumbuka mwaka 1971, serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sababu za sera ile zimejadiliwa na wenye elimu kuliko sisi, hatuzirudii. Lakini waliobaki walifungua tena milango ya maduka yao, na sisi watoto wa vijijini tuliendelea kununua kwao chumvi na vitambaa bila kuuliza walikuwa wakilalaje. Tungependa wazee hao wawasimulie vijana, si walivyofanikiwa, bali walivyolala.

Katavi yetu, kwa kweli, inazijua biashara zinavyokufa. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ililetwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa miaka mingi iliyopita. Treni bado inakuja, imejaa wanawake wenye vikapu, ambao hawakuwamo katika hesabu za mwenye mgodi.

Mmetuuliza pia kuhusu hali yetu ya sasa. Injini imetengenezwa. Deni limebaki marejesho mawili. Vijana watatu tuliowapumzisha, wawili wamerudi kazini. Wa tatu amenunua pikipiki, naye sasa hutuletea wateja, na hutudai nauli kama mtu asiyetujua. Mpunga wa msimu huu umeanza kuingia ghalani, ingawa si mwingi kama zamani. Daftari husomwa uwanjani Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi jioni, chini ya mwembe, na jirani yeyote anaruhusiwa kuuliza, hata asiye na gunia.