Mlango Ulio Mikononi Mwetu

Mazungumzo ya ofisa wa polisi jamii na wazazi, waalimu na vijana wa Rumonge



Huenda mkastaajabu kuona askari polisi amesimama kuzungumza habari za michezo ya wasichana. Mmezoea kutusikia tukisema juu ya wizi wa nyavu, magendo na vitambulisho. Lakini usalama haupimwi kwa idadi ya wezi waliokamatwa peke yake. Hupimwa pia kwa swali hili: je, binti wa miaka 13 aweza kutoka kwao, akaenda uwanjani, akacheza, akarudi nyumbani bila kutishwa wala kusengenywa?

Jina la Francine Niyonsaba mnalijua. Alizaliwa mwaka 1993 huko Ruyigi, upande wa mashariki unaopakana na Tanzania. Naye basi ni mtoto wa mpakani, kama watoto wetu. Mwaka 2012, akiwa na miaka 19, alitwaa ubingwa wa Afrika wa mita 800 mjini Porto-Novo, na mwaka huo huo akaingia fainali ya Olimpiki mjini London. Mwaka 2016, mjini Rio de Janeiro, alituletea medali ya fedha. Tangu Vénuste Niyongabo ashinde dhahabu huko Atlanta mwaka 1996, nchi yetu haikuwa imepata medali nyingine ya Olimpiki. Aliyeleta ya pili alikuwa mwanamke.

Kisha njia ikafungwa. Mwaka 2019 zilianza kutumika kanuni za riadha ya dunia kuhusu homoni, zilizowazuia wanawake wenye maumbile kama yake kushiriki mbio za mita 400 hadi maili moja, isipokuwa wakubali kupunguza homoni hizo. Yeye alihamia mbio ndefu, akaanza upya. Mwaka 2021 alikuwa wa 5 katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Tokyo, na tarehe 14 Septemba, mjini Zagreb, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Machi 2023 kanuni zile zikapanuliwa hadi mbio zote. Nayasema haya bila kuficha, maana vijana wanastahili ukweli: juhudi pekee haifungui kila mlango.

Milango mingine hufunguliwa na watu wazima wanaosimama upande wa mtoto. Huko Marekani watoto hucheza besiboli, mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Mwaka 1972, katika mji wa Hoboken, binti wa miaka 12 aitwaye Maria Pepe alicheza mara tatu tu, kisha akaondolewa kwa kuwa ligi ile ilikuwa ya wavulana. Watu wakamtetea mbele ya sheria, na mwaka 1974 ligi ikawafungulia wasichana. Yeye alikwisha kupita umri wa kucheza. Lakini mwaka 2014 binti mwingine, Mo'ne Davis wa Philadelphia, akiwa na miaka 13, akawa msichana wa kwanza kushinda mchezo akiwa mrushaji katika mashindano makuu ya dunia ya ligi hiyo. Mmoja alifungiwa, na kwa kutetewa kwake wengine wakaingia.

Ndugu zangu, kanuni zinazoandikwa ng'ambo hatuna uwezo nazo. Lakini mlango wa nyumbani umo mikononi mwetu. Binti wa pwani hii huamka kuteka maji, huanika ndagala, husaidia kwenye mawese, kisha huenda shule. Jioni kaka yake huchukua mpira, naye hubaki na masufuria. Akithubutu kwenda, huambiwa kwamba anajifunza uhuni. Maneno hayo hufunga mlango kuliko kufuli.

Najua pia kwamba mzazi anayemzuia bintiye mara nyingi hazuiwi na chuki, bali na hofu. Hofu hiyo ina sababu, na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia. Kwanza, mazoezi yaishe kabla ya jua kuzama, na mabinti warudi kwa makundi. Pili, kocha ajulikane kwa wazazi na kwa uongozi wa kilima, na asikae na mtoto faraghani. Tatu, anayemtisha au kumgusa binti njiani ashitakiwe polisi. Mambo hayo yasimalizwe kimyakimya kwa kulipana.

Nne, na hili ni letu sisi watu wa mpakani. Akija mtu na ahadi ya timu, majaribio au masomo ya bure Tanzania, Kongo au mbali zaidi, msimkabidhi mtoto. Mwombeni barua, jina la klabu na la shule, kisha leteni habari hizo kituoni zichunguzwe kabla ya safari. Biashara ya watu huanza kwa ahadi tamu, na sheria yetu ya mwaka 2014 inaiadhibu. Mtu mwema hatachukizwa na maswali yenu.

Nanyi wavulana, dada zenu wakicheza, wapisheni uwanja, tena muwe walinzi wao wa njiani.

Si kila binti atakayeleta medali. Lakini kila binti anayeijua njia ya uwanjani, akaipita bila hofu, ni ushahidi kwamba mji wake una amani. Tuilinde njia hiyo pamoja.