Kuhara na Kutapika: Mtoto Asikatiwe Maji

Mazungumzo na familia zilizofika karibuni



Kila majira ya baridi naulizwa swali hili: hapa Uingereza maji ya bomba ni safi na vyoo ni vya kuvuta, sasa kuhara kunatoka wapi? Kule kambini tulijua, ni kisima, nzi na mvua. Hapa mara nyingi kunatoka mikononi. Kuna kirusi kinaitwa norovirusi. Mtoto mmoja akitapika darasani, kirusi kinabaki kwenye meza, kwenye kitasa, kwenye vidole vya wenzake, na baada ya siku moja au mbili nyumba nzima mnapishana chooni.

Mwaka wetu wa kwanza hapa, mwanangu wa miaka miwili alishikwa. Kila akinywa, anatapika. Nikamkatia maji, nikidhani tumbo litapumzika. Ndivyo nilivyoona wakubwa wakifanya. Kesho yake macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi, na pampasi ni kavu tangu usiku. Tulilazwa siku mbili. Muuguzi hakunigombeza. Alinipa kikombe na kijiko cha chai, akanionyesha: kijiko kimoja, ngoja kidogo, kingine tena. Akitapika, subiri kama dakika kumi, halafu anza upya.

Kikombeni mlikuwa na ORS, ileile tuliyopewa kambini. Hapa inauzwa duka la dawa, na mfamasia atakueleza kipimo bila miadi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Maziwa ya kopo msiyazimue kwa maji zaidi. Soda na juisi ziwekeni kando, zinazidisha kuhara. Vidonge vya kufunga tumbo msimpe mtoto chini ya miaka 12. Na zile antibiotiki tulizokuja nazo kwenye mabegi (mimi pia nilikuwa nazo) haziui kirusi.

Kutapika huisha kwa siku moja au mbili, kuhara ndani ya wiki moja. Huna haja ya kumpeleka kwa GP, mtaambukiza wengine pale kwenye viti. Lakini piga 111 kama mtoto hakojoi, mdomo umekauka, utosi umebonyea, amelegea, anaharisha damu, au siku hizo zimepita hajapona. Simu ni bure, usiku na mchana. Taja neno "Swahili" na usubiri mkalimani. Akitapika damu au matapishi ya kijani, shingo ikikakamaa, au tumbo likimuuma ghafla na vikali, piga 999. Na kama mmefika miezi hii ya karibuni, mwambieni daktari mlikotoka, maana kuna minyoo na amiba ambao daktari wa hapa hatawafikiria asipoambiwa.

Sasa shule. Najua mnaogopa barua za mahudhurio, na wengine wanampeleka mtoto akiwa bado anaharisha. Pigeni simu shuleni asubuhi, semeni ametapika. Shule yenyewe inataka abaki nyumbani saa 48 tangu alipotapika au kuhara mara ya mwisho. Wewe unayepika hotelini au kutunza wazee, ni saa 48 hizohizo. Inauma kukosa zamu, najua, lakini kwa mzee wa miaka tisini ugonjwa huu si mchezo.

Sanitaiza haiui norovirusi vizuri. Ni sabuni na maji. Choo na vitasa visafisheni kwa jiki, mashuka yaliyochafuka yafueni kwa nyuzi 60.

Halafu kuku. Najua mtabisha! Kwetu kuku haendi sufuriani bila kuoshwa, na ndimu juu. Lakini kuku mbichi ana bakteria waitwao kampilobakta, na maji ya bomba yanawarusha kwenye sinki, kwenye kachumbari, kwenye mikono yako. Ndimu tieni, bombani msimpeleke. Moto ndio unaowaua, mpaka nyama isiwe na wekundu ndani.

Paketi za ORS ziko hapo mezani. Anayetaka kuonyeshwa jinsi ya kuchanganya aje na kikombe chake.