Kutuni Gitaa Bila Kukata Nyuzi

Kadongo kamu, muziki wa Buganda ambao Fred Masagazi ni miongoni mwa waasisi wake, husimama juu ya gitaa. Uzi ukilegea, kila mtu anasikia.

Unaokatika sana ni uzi wa kwanza, ule mwembamba, na wakati mwingine chanzo ni simu. Baadhi ya programu za kutuni huonyesha herufi E tu, hazikwambii ni E ya juu au ya chini. Basi umeshaipita E sahihi bila kujua, unazidi kukaza ukiitafuta E nyingine, paa! Uzi huo wa kwanza, ukiwa umetuniwa sawasawa, hutikisika takriban mara 330 kwa sekunde; wa sita, ule mnene, mara 82.

Kwanza fuata uzi kwa kidole hadi kwenye ufunguo wake. Ulegeze ushuke chini ya noti, kisha upandishe kidogo kidogo huku ukiupiga. Unaweza pia kuhakiki kwa sikio: ukibonyeza uzi wa sita kwenye nafasi ya tano, unapata sauti ya uzi wa tano ukiwa wazi. Na dukani, tafadhali, usiuziwe nyuzi za chuma kwa gitaa la nailoni: zinaweza kung'oa daraja lake kabla hazijakatika zenyewe.