Wanasihi wa Kujitolea Kware

Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza nchini Kenya mwaka 2003, iliwafungulia watoto wa Kware, katika eneo bunge la Embakasi Kusini, mlango wa darasa, lakini haikuwapa mahali pa kusomea jioni, kwani katika chumba kimoja cha kupanga, kitanda, jiko na daftari hugombania nafasi, huku mzazi akiwa bado njiani kutoka kazini. Pengo hilo linahitaji wanasihi, yaani watu wazima wanaojitolea kumfundisha mtoto na kumshauri kwa muda mrefu.

Mfano upo: mpango wa serikali wa G-United, ulioanzishwa mwaka 2014, uliwatuma vijana waliohitimu vyuo vikuu kuwasaidia wanafunzi wa madarasa ya chini kusoma. Kware nayo ina vijana waliosoma wanaosubiri ajira. Wakisajiliwa kupitia shule, makanisa na misikiti, wakadaiwa cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, na wakaahidi angalau mwaka mzima, mtoto hatafunzwa leo na kuachwa kesho. Haba na haba hujaza kibaba, na saa mbili kwa wiki, zikitimizwa bila kukosa, ni haba yenye uzito.